Hakuna skrubu ya kawaida: mwongozo wa kuchagua skrubu, misumari na bolti za kazi za nyumbani

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba skrubu, muuzaji atakuuliza, "Za nini?" Wengi wetu hujibu, "Za kawaida tu." Basi atachota kwenye boksi lililo karibu na mkono wake, azifunge kwenye kipande cha gazeti, nawe uondoke ukiwa na zile nyeusi. Zile ni skrubu za jipsam. Zimetengenezwa zishike bodi ya dari, basi, lakini kwetu zimegeuzwa dawa ya kila ugonjwa.

Nami nilikuwa mtu wa "za kawaida tu" mpaka kabati la vyombo lilipoanguka. Nililitundika mwenyewe jikoni, kwenye nyumba ya kupanga Kigamboni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka ufukweni. Skrubu nne nyeusi, plagi nne za plastiki za ukutani, na kujisifu kwingi. Likakaa mwaka na ushei. Usiku mmoja likashuka lote, pamoja na vikombe alivyotuletea mama mkwe. Asubuhi nilipochungulia ukutani, plagi zote nne zilikuwa palepale, hazijatikisika, na ndani ya kila moja kimebaki kipande cha skrubu. Zilikuwa zimekatika usawa wa plasta. Ukiutazama mkato kwa karibu unaona rangi mbili: ukingoni kahawia, kutu ya siku nyingi; katikati kijivu kinachong'aa, chuma kilichokatika usiku uleule. Chumvi ya baharini ilikuwa imetafuna taratibu, uzito wa sahani ukamalizia.

Ukuta haukuwa na kosa, plagi hazikuwa na kosa, hata urefu wa skrubu ulitosha. Nilikosea aina tu. Tangu hapo, kabla sijaenda dukani, najiuliza maswali kwa mpangilio ufuatao.

Hatua ya 1: Mzigo unavuta upande gani?

Kitu kilichofungwa kina njia mbili za kukutoroka. Ya kwanza ni kukata: mzigo unashuka sambamba na ukuta, na skrubu inabeba kama mtu aliyenyoosha mkono mbele na kupachikwa ndoo. Ya pili ni kuchomoa: mzigo unaivuta skrubu irudi ilikoingilia. Kioo kilicholala bapa ukutani hukata. Pangaboi huchomoa. Kabati la vyombo linafanya yote mawili, kwa sababu limetokeza mbele: skrubu za juu zinavutwa zitoke huku zote zikikandamizwa kushuka.

Ukishajua hilo, utaelewa kwa nini msumari na skrubu havibadilishani ovyo. Msumari wa kawaida ni chuma laini. Ukiupiga pembeni unapinda, haukatiki, ndiyo maana fundi anayefunga kenchi kwa misumari ya inchi 4 na 5 hafanyi ushamba. Anajua mbao za paa hucheza, na msumari unavumilia mchezo. Udhaifu wake ni kuvutwa. Hauna nyuzi, umeshikwa na msuguano wa mbao tu, na mbao mbichi ikikauka shimo hulegea. Skrubu ni kinyume chake: nyuzi zake zimeuma mbao, kuichomoa ni kazi.

Sasa ile nyeusi. Imetiwa moto ikawa ngumu ili ipenye haraka bila kutobolewa njia, lakini ugumu huo umeifanya iwe kavu kama biskuti. Jaribu mwenyewe: bana nusu ya skrubu kwenye jiriwa au koleo la kujifunga, igonge ubavuni kwa nyundo. Nyeusi itakatika "ta!" Skrubu nzuri ya mbao itapinda kwanza. Vaa miwani ukijaribu, kipande kile huruka kutafuta jicho. Na ikiwa ile uliyouziwa kama ya mbao nayo inakatika bila kupinda, rudisha boksi.

Kazi halali ya skrubu nyeusi ni hii: bodi ya jipsam kwenye fremu. Zenye nyuzi zilizosongamana ni za fremu ya bati, zenye nyuzi zilizoachana ni za fremu ya mbao. Urefu wa milimita 25 unatosha bodi moja. Kichwa kizame kidogo chini ya karatasi bila kuichana. Karatasi ikichanika, skrubu hiyo haishiki kitu, piga nyingine pembeni.

Hatua ya 2: Soma namba za kwenye boksi

Skrubu za madukani mwetu zinaongea lugha mbili. Boksi lililoandikwa 4 x 40 linasema kwa milimita: unene 4, urefu 40. Lililoandikwa 8 x 1½ ni la mfumo wa zamani wa Kiingereza: unene ni namba 8, urefu inchi moja na nusu. Namba hiyo ya unene si milimita na wala si inchi, ni kipimo chake chenyewe. Namba 6 ni kama milimita 3.5, namba 8 ni 4.2, namba 10 ni 4.8, na namba 12 ni 5.5. Ukiomba "skrubu ya nane" kwa muuzaji anayefikiri kwa milimita, utapewa kitu cha kufungia geti.

Urefu nao una siri ndogo. Skrubu ya kichwa bapa, kile kinachozama kwenye mbao, hupimwa pamoja na kichwa chake. Ya kichwa cha duara hupimwa kuanzia chini ya kichwa. Kwa lugha rahisi, unapimwa ule urefu unaoingia ndani.

Kwenye bolti ndipo watu hugombana. Gereji za pikipiki na magari huita bolti kwa namba ya spana inayoifungua, hadwea huiita kwa unene wa uzi wake. Bolti ya M6, yaani yenye unene wa milimita 6, hufunguliwa kwa spana ya 10, M8 kwa spana ya 13, M10 kwa spana ya 17 au 16 kutegemea kiwango cha kiwanda. Kwa hiyo ukimtuma kijana "niletee bolti ya kumi", anaweza kurudi na M10 au na M6, na wote wawili mko sahihi. Sema "M6" au beba ile ya zamani mkononi. Mimi hubeba.

Hatua ya 3: Kama unafunga kwenye mbao

Kanuni ya urefu ni nyepesi: skrubu ipite mbao ya juu, kisha angalau mara moja na nusu ya unene huo izame kwenye mbao ya chini. Ubao wa milimita 18 unaofungwa kwenye mguu wa meza unataka skrubu ya 45 au 50. Hakikisha tu ncha haitokezi upande wa pili. Bawaba za kabati za bodi ya milimita 18 huchukua skrubu za 3.5 x 16, wala usiongeze urefu kwa tamaa.

Kinachoharibu kazi nyingi za mbao ni shimo la awali, au tuseme kutokuwepo kwake. Paini ya shamba la miti la Sao Hill unaweza kuipiga skrubu nyembamba moja kwa moja katikati ya ubao, itakusamehe. Mninga, mkongo na mvule hazisamehi: mbao itapasuka au skrubu itakatika shingoni. Toboa kwanza kwa biti yenye unene wa kiini cha skrubu, yaani skrubu bila nyuzi zake. Kupima, shika biti mbele ya skrubu, vyote viwili usawa wa jicho, dhidi ya mwanga wa dirisha. Biti ikifunika kiini lakini nyuzi zinachungulia pande zote mbili, umepata. Kwa makadirio: skrubu ya milimita 4 inataka biti ya 2 hadi 2.5 kwenye paini, na 3 kwenye mninga. Skrubu ya 5 inataka 3 kwenye paini, na 3.5 hadi 4 kwenye mbao ngumu.

Mbao ya juu, ile inayofungwa, itobolewe tundu pana zaidi ili skrubu ipite humo bila kuuma. Hapa wengi huruka. Nyuzi zikiuma mbao zote mbili kwa pamoja, pengo lililokuwepo kati yao linafungiwa humohumo; utakaza mpaka kichwa kilike na pengo halitaziba. Skrubu nyingi za mbao zina shingo isiyo na nyuzi karibu na kichwa kwa sababu hiyohiyo.

Mbao ngumu ikigoma, paka nyuzi nta ya mshumaa. Wazee walitumia sabuni ya mche, nayo inateleza vizuri, ila sabuni huvuta unyevu na chuma hakipendi. Skrubu za shaba ya njano, zile za urembo kwenye bawaba za milango, ni laini kupita kiasi kwa mninga. Tanguliza skrubu ya chuma ya saizi ileile, iingie mpaka mwisho ikuchimbie njia, itoe, kisha ingiza ya shaba kwa mkono. Mimi nilijifunza baada ya kukatia tatu ndani ya fremu moja ya mlango. Bado zimo humo, nimezifunika kwa bawaba.

Epuka kutegemea skrubu iliyoingia kwenye kichwa cha mbao, pale ulipokatwa kwa msumeno. Nyuzi za mti pale zimesimama sambamba na skrubu, nayo inazichana badala ya kuziuma. Kitanda kinacholia kila mtu anapogeuka mara nyingi kimefungwa hivyo: ubavu wa kitanda umepigwa skrubu mbili ndefu kupitia mguuni zikaingia kwenye kichwa cha ubavu. Dawa yake ni bolti ndefu inayopita mguuni na kukutana na nati ya silinda iliyolala kwa upana ndani ya ubavu. Ukisikia kilio, unakaza nusu mzunguko, mnalala.

Bodi za chipu na MDF, ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa, ni wagonjwa. Usoni zinashika vizuri, ukingoni hupasuka kama keki. Ukilazimika kufunga ukingoni, toboa njia kwanza, tumia skrubu nyembamba ya nyuzi zilizoachana kama 4 x 50, kaa angalau sentimita 5 kutoka kona, na kaza kwa mkono. Ukifungua na kufunga mara tatu tundu limekwisha.

Hatua ya 4: Kama unafunga ukutani

Skrubu peke yake haishiki ukuta. Inayoshika ni plagi, ile ya plastiki inayotanuka skrubu ikiingia. Tanzania mafundi wengi huiita fisha, na jina hilo ni la Mjerumani Artur Fischer aliyebuni plagi ya nailoni mwaka 1958. Kenya utasikia zaidi roplagi, kutoka Rawlplug ya Uingereza. Kabla ya hapo, na mpaka leo kwa mafundi wenye haraka, kinapigwa kijiti cha mbao kwenye tundu. Kijiti kinashika siku ya kwanza. Kikikauka kinasinyaa, masika kinavimba, na mchwa wakikigundua wanakula plagi yako kimyakimya.

Anza kwa kuujua ukuta. Gonga kwa mpini wa bisibisi: tofali lililojaa hutoa sauti fupi nzito, tofali lenye matundu au ukuta wa bodi hulia kama debe. Kisha toboa tundu moja ukiangalia vumbi. Nyeupe laini ni plasta au jipsam. Kijivu ni saruji. Nyekundu ni tofali la kuchoma. Vumbi likibadilika ghafla kutoka kijivu kuwa hakuna kabisa, na biti ikazama, umefika kwenye uwazi wa tofali na plagi ya kawaida haitafaa.

Usitoboe moja kwa moja juu, chini au ubavuni mwa swichi na soketi. Fundi umeme alipitisha waya kwa njia iliyonyooka, nawe utaufikia. Ukiwa na shaka, zima swichi kuu.

Saizi zinaoana hivi: plagi ya 6 huchukua skrubu ya milimita 4 hadi 5, plagi ya 8 huchukua 4.5 hadi 6, plagi ya 10 huchukua 6 hadi 8. Biti ya kutobolea ni namba ileile ya plagi. Ukiweka skrubu nyembamba kwenye plagi kubwa haitatanuka, itazunguka tu humo ndani.

Sasa hesabu ya urefu, ambayo ndiyo inayoangusha rafu nyingi kuliko kitu kingine. Plasta haishiki mzigo. Ni vazi la ukuta, na kwetu mara nyingi ina unene wa milimita 10 hadi 20, pengine zaidi pale mwashi aliponyoosha ukuta uliopinda. Plagi inatakiwa iwe ndani ya tofali, nyuma ya plasta. Kwa hiyo jumlisha: unene wa kitu unachofunga, unene wa plasta, urefu wa plagi, na unene wa skrubu yenyewe ili ncha itokeze mbele ya plagi. Mfano: kibati cha kushikia televisheni chenye milimita 3, plasta 15, plagi ya 8 yenye urefu wa 40, skrubu ya 5. Jumla 63. Nunua 5 x 70. Tundu nalo liwe refu kuzidi ncha, kama milimita 75. Zungusha selotepu kwenye biti kwa urefu huo ili ujue pa kuishia.

Toa vumbi lote kabla ya kusukuma plagi. Tumia pampu ya baiskeli au mrija, na ukipuliza funga macho. Plagi iliyokaa juu ya vumbi inazunguka pamoja na skrubu, nawe utadhani umenunua mbovu.

Kwenye tofali la kuchoma na kwenye tofali lenye matundu, zima nyundo ya drili. Toboa kwa mzunguko tu, biti ya zege yenye makali itapita. Nyundo hubomoa kuta za ndani na unabaki na pango. Kwenye nyumba za zamani za Lamu na Mji Mkongwe, kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hapo ni bahati nasibu: jiwe linashika ajabu, chokaa kati ya mawe hutoka kama unga. Tumia plagi ndefu, toboa pole bila nyundo, ukiangukia kwenye chokaa hamisha tundu. Miji yote miwili imo kwenye orodha ya urithi wa dunia, kwa hiyo uliza kabla ya kugusa ukuta wa mbele.

Tundu likishapanuka, usijaze vijiti vya kiberiti. Hamia plagi ya saizi inayofuata, au sogea sentimita 5 utoboe upya.

Vitu vinavyoweza kuua

Pangaboi, tanki la maji moto, tanki la choo la kutundika juu, geti. Hapa sitaki ubahili.

Tanki la lita 50 lina kilo 50 za maji peke yake, bado chuma chake. Kwenye ukuta wa zege au tofali lililojaa lililo gumu, tumia anka bolti, zile za chuma zinazotanuka, unene wa M10, zikae sentimita 10 au zaidi kutoka kwenye kona au ukingo wowote. Bolti hizi zinasukuma ukuta kwa nguvu, na tofali dhaifu hupasuka. Ukibonyeza kidole kwenye ukingo wa tofali likamomonyoka, si la anka. Kwa ukuta wa namna hiyo, au wenye matundu, toboa mpaka upande wa pili, pitisha bolti nzima na uweke kibati cha chuma nyuma yake. Nyuma hapapendezi. Tanki halishuki.

Pangaboi halina uzito mkubwa, lina mtikisiko, saa kumi kwa siku, miaka. Mtikisiko huilegeza plagi ya plastiki kidogo kidogo. Lishikwe na ndoano iliyomwagiwa ndani ya zege, au bolti iliyopita kwenye boriti au kenchi ikiwa na nati ya nailoni isiyolegea. Kamwe lisining'inie kwenye bodi ya dari. Kama fundi anakwambia skrubu nne nyeusi zinatosha, mlipe nauli yake arudi.

Bati

Upepo wa kusi ukiingia chini ya bati haulisukumi pembeni, unalichomoa. Ndiyo maana skrubu za bati zinawashinda misumari, hasa karibu na bahari. Kwenye papi za mbao, zile zinazolala juu ya kenchi kubeba bati, chagua zenye ncha kali. Kwenye papi za chuma chagua zile zenye ncha kama biti, zinazojitobolea. Zote zina kichwa cha pembe sita, kwa kawaida soketi ya 8, na washa yenye mpira chini.

Mpira ndio kazi yenyewe. Kaza mpaka uone umevimba kidogo tu pembeni ya washa yake. Ukitokeza sana umeukamua, utapasuka kwa jua na paa litavuja mwaka wa pili. Usipovimba, maji yanapita leo. Kwenye bati la migongo ya mawimbi, funga juu ya mgongo, kwa kuwa maji ya mvua hupita bondeni. Ukitumia misumari ya bati, usiupige mpaka mgongo ubonyee.

Hatua ya 5: Uliza hewa

Dodoma skrubu ya zinki nyembamba, ile inayong'aa nyeupe au njano, itakaa miaka ndani ya nyumba. Tanga, Mombasa au Unguja, ileile ikikaa dirishani itatoa machozi ya kutu yakichirizika kwenye rangi. Zinki ile imepakwa kwa umeme, ni utando tu. Kwa nje, tafuta zilizozamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Utazijua kwa sura: kijivu kilichofifia, kikwaruzo, hazina urembo. Utando wake ni mnene mara kadhaa.

Karibu kabisa na bahari, nunua stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi. Zinazoandikwa A2, au 304, zinafaa nyumba nyingi. A4, au 316, ni za gati, mashua na baraza linalopigwa na mvuke wa mawimbi. Beba sumaku dukani: skrubu inayoitwa stenlesi ikiirukia sumaku kwa nguvu, si A2 wala A4. Shaba nayo haivutwi. Ikivutwa, imevaa kanzu ya kuazima. Stenlesi ina tabia moja mbaya: nati na bolti zake zikikazwa kwa mashine kwa kasi hushikana, usizifungue tena milele. Paka grisi, kaza pole.

Mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, mara nyingi dawa yake ina shaba, na shaba hula chuma kitupu. Huko pia tumia zilizozamishwa au stenlesi. Mabaharia wa kale walilikwepa tatizo lote: mtepe, jahazi lao, ulishonwa kwa kamba za kumbi za nazi, bila msumari hata mmoja.

Kichwa na bisibisi yake

Hili linaonekana dogo mpaka kichwa kilike. Bisibisi ya nyota si moja. Angalia kichwa cha skrubu ya mbao: mara nyingi, kati ya mikono ya msalaba, kuna mistari midogo minne iliyochorwa. Hiyo ni PZ, na inataka biti iliyoandikwa PZ2. Skrubu ya jipsam haina mistari hiyo, ni PH2. Biti ya PH kwenye skrubu ya PZ inaingia, inacheza, inateleza, na katika jaribio la tatu umebaki na shimo la duara. Skrubu zenye nyota ya ncha sita, T20 na T25, haziteleziteleza namna hiyo, nikizipata nazichukua.

Kichwa kikishalika, weka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli juu yake, kandamiza bisibisi kwa uzito wa mwili, zungusha pole. Kama kimetokeza, kishike kwa koleo la kujifunga.

Bolti nazo hazinichukui muda. Weka washa kila upande wenye mbao, acha nyuzi mbili zitokeze nje ya nati, na kwenye kinachotikisika tumia nati ya nailoni. Namba 8.8 juu ya kichwa ni chuma kigumu kuliko 4.8, kwa fremu ya bembea ya watoto chukua 8.8.

Kabati letu lilirudi ukutani. Safari hii nilifunga kwanza ubao wa mninga kwa urefu wote wa kabati, skrubu sita za A2, 6 x 90, plagi za 10, kisha kabati likafungwa kwenye ubao. Vipande vinne vyeusi bado vimo ndani ya plagi zake nyuma ya ubao huo. Mama mkwe huja kila Idi, na bado hajauliza vikombe viko wapi.